Krediti 67.5: uchambuzi wa kisa cha usajili wa kozi, mwaka wa kwanza Dodoma

Mwanafunzi wa kisa hiki ni binti wa mfano. Amemaliza kidato cha sita wilayani Kondoa kwa tahasusi ya HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, akadahiliwa shahada ya Uchumi ya miaka mitatu katika chuo kikuu kimoja jijini Dodoma. Jina hatukumpa, na chuo hatukitaji. Alama, ratiba na krediti zake (kipimo cha mzigo wa kozi) tumezipanga zifanane na zile ambazo wanafunzi wa Kanda ya Kati hukutana nazo kila mwaka masomo yanapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba. Tunachofuatilia ni jambo moja: alivyochagua kozi za semista ya kwanza, na jinsi uchaguzi ule ulivyomfuata hadi kwenye chumba cha mtihani.

Matokeo yake yalikuwa Historia C, Jiografia C, Uchumi D. Kwenye BAM, lile somo la hesabu ambalo wanafunzi wa HGE husoma kama somo la kusindikiza, alipata S, daraja lililo chini ya E. Hesabu za kidato cha nne alipata D. Sifa za kuingia zilimtosha: masharti ya jumla ya TCU, tume ya vyuo vikuu, yanataka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4.0, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1, naye kwa C mbili tu alikuwa na 6. Aliposoma kwamba amekidhi vigezo, akajua yuko tayari. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Sifa ya kuingia humwambia mwanafunzi kwamba mlango uko wazi. Haimwambii kwamba kozi ya Hisabati kwa Wachumi itaanzia kwenye kanuni za kutofautisha (differentiation), na kwamba mhadhiri hatarudi nyuma.

Siku nane

Barua ya udahili ilimtaka aripoti Jumatatu ya wiki ya mafunzo elekezi. Hakuripoti. Jina lake halikuwamo kwenye awamu ya kwanza ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na baba yake, mkulima wa alizeti, alimwambia, "Subiri awamu ya pili, mwanangu. Ukaishi kwa pesa gani huko?" Mzazi alisema kwa uchungu wa mwanawe, lakini kusubiri mkopo ukiwa nyumbani hakuuharakishi. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, na posho ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, haisainiwi na mtu ambaye hajasajiliwa. Aliyeripoti na kueleza hali yake kwa mshauri wa wanafunzi yuko karibu na msaada kuliko aliyebaki kijijini akiangalia simu.

Binti alifika Alhamisi ya wiki ya pili ya masomo. Siku nane za vipindi zilikuwa zimepita, bila kuhesabu wiki ya mafunzo elekezi. Notisi za siku nane si hasara kubwa, mtu hunakili kwa mwenzake usiku mmoja. Alichopoteza ni nafasi kwenye makundi ya semina. Makundi hupangwa kwa namba za usajili wiki ya kwanza, majina hubandikwa ubaoni na kutumwa na CR, yaani kiongozi wa darasa, kwenye kundi la WhatsApp, na anayechelewa hupachikwa palipobaki upenyo. Yeye alipachikwa kundi la Jumanne, 1000 hadi 1100. Saa hiyo ilikuja kumgharimu.

Jambo dogo kuhusu saa, kwa kuwa hurudia kila mwaka. Ratiba za vyuo huandikwa kwa mtindo wa 0700, 1000, 1400. Mhadhara wa kwanza wa Uchumi aliouona ulikuwa Jumatatu 0700, naye akauandika kwenye daftari "saa saba". Wiki ya tatu alifika ukumbini saa saba mchana, akakuta wanafunzi wa ualimu. 0700 ni saa moja asubuhi. Saa saba mchana huandikwa 1300. Ukipokea ratiba, iandike upya yote kwa saa zetu, kwa mkono, kabla ya kufanya lolote jingine. Ni kazi ya dakika ishirini, na ukiiandika kwa mkono migongano huonekana yenyewe.

Alichosajili

Kozi za lazima zilikuwa tano. Uchumi, Hisabati kwa Wachumi na Takwimu zilibeba krediti 10 kila moja. Stadi za Mawasiliano na Maendeleo zilibeba 7.5 kila moja. Jumla 45. Ili kufikisha 60 za semista alitakiwa achague kozi mbili za hiari za krediti 7.5, kutoka orodha ya tano: Kanuni za Uhasibu, Utangulizi wa Sosholojia, Jiografia ya Uchumi, Jinsia na Maendeleo, na Utangulizi wa Utalii.

Alichukua tatu: Sosholojia, Jiografia ya Uchumi, na Jinsia na Maendeleo. Mfumo wa usajili ulimkubalia kwa sababu kikomo cha juu kilikuwa 72, na mfumo ukikubali wengi hudhani chuo kimeridhia. Jumla ikawa 67.5.

Sababu zake zilikuwa mbili, na zote tumezisikia mara nyingi. Ya kwanza, Jinsia na Maendeleo waliiita mteremko: hakuna hesabu, unaandika tu. Ya pili, aliambiwa kozi ya ziada huinua GPA.

Sababu ya pili ni kosa la hesabu, na inafaa kulifungua. GPA ni wastani uliopimwa kwa krediti. A hupewa pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha kozi zote, unagawa kwa jumla ya krediti ulizosajili. Kozi ya ziada huongeza juu na huongeza chini pia. Itakuinua ikiwa tu daraja lake linapita wastani wako. Ukiwa na wastani wa 3.2 na kozi ya ziada ikakupa B, umeshuka.

Sababu ya kwanza ni ya hatari zaidi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Jinsia na Maendeleo kweli haina hesabu. Lakini maelezo ya kozi, yale ambayo huwekwa kwenye prospektasi, kitabu cha mwongozo wa chuo, na hakuna anayeyasoma, yalisema alama za kozi zitatokana na insha moja ndefu na prizentesheni mbili za kikundi. Kazi ya kikundi ya watu kumi huliwa na vikao. Mmoja yuko hosteli za ndani, mwingine amepanga chumba mtaani, wa tatu hapokei simu. Kwa chuo kilichotandaa juu ya vilima, kuwakusanya watu kumi mahali pamoja ni saa nzima kabla hamjafungua hata ukurasa.

Na Kanuni za Uhasibu aliiruka kwa kuogopa namba. Prospektasi ileile ilionyesha kwamba kozi hiyo ni sharti la awali la kozi moja ya fedha ya mwaka wa pili. Asiyeisoma mwaka wa kwanza ataisoma mwaka wa pili akiwa na mzigo mwingine kichwani.

Saa zilikoenda

Katika mfumo wa TCU krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu hutakiwa isipungue krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Hesabu hii iko palepale, uwe Chuo Kikuu cha Dodoma au cha Mtakatifu Yohana. Krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Ni wiki ya mfanyakazi wa ofisini, na haijaingiza kufua, kupika wala foleni ya kusaini bumu.

Krediti 67.5 ni saa 45 kwa wiki. Kwenye ratiba yake, kozi za krediti 10 zilikuwa na saa nne za darasani kila moja na zile za 7.5 saa tatu kila moja. Hizo ni saa 27 za kukaa kitini, zikabaki 18 za kujisomea. Kwa karatasi inawezekana.

Sasa itazame kozi ya hisabati peke yake. Krediti 10 kwa wiki 15 ni kama saa 6 na dakika 40 kwa wiki. Ukitoa nne za darasani, zinabaki saa 2 na dakika 40. Karatasi ya maswali ya semina ilikuwa na maswali nane. Mwanafunzi wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, ambaye hesabu ni somo lake kamili la tahasusi, hulimaliza swali kwa dakika kumi na tano. Huyu wetu, kwa msingi wa S ya BAM, alihitaji nusu saa. Maswali nane ni saa nne. Kila wiki alikuwa na deni la saa 1 na dakika 20 kabla hajaanza kuchoka. Zile saa tano zilizochukuliwa na kozi ya tatu ya hiari zingelipa deni hilo na kubakisha chenji.

Kisha ule mgongano. Mhadhara wa Jinsia na Maendeleo ulikuwa Jumanne 0900 hadi 1100, juu ya semina ya hisabati. Njia mbili zilikuwa wazi hadi Ijumaa ya wiki ya tatu: kufuta kozi ya hiari kwenye mfumo, au kubadilishana kundi la semina na mwanafunzi mwingine, CR akijua na mwalimu wa semina akarekebisha orodha. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alihudhuria kwa zamu, wiki hii huku, wiki ijayo kule. Semina zilikuwa na kwizi, na kwizi hairudiwi kwa mtu aliyekuwa ukumbi mwingine.

Testi ya wiki ya sita

Alama za kozi zilikuwa 40: testi mbili za alama 15, kwizi na asaimenti 10. Mtihani wa mwisho 60. Testi ya kwanza ya hisabati alipata 4 kati ya 15. Swali moja lafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake kisa chote kinaonekana.

Biashara ina mapato TR = 50q − q² na gharama TC = 100 + 10q + q². Tafuta kiasi q kinacholeta faida kubwa kuliko zote.

Alijua atofautishe mapato na gharama, kisha asawazishe. Mapato ya nyongeza aliyapata sawa: 50 − 2q. Kwenye gharama akaandika 100 + 10 + 2q. Ile 100 aliiacha ibaki. Akasawazisha 50 − 2q = 110 + 2q, akapata q = −15, akaipigia mstari chini kwa rula, akaenda swali linalofuata.

Jibu sahihi ni hili: 50 − 2q = 10 + 2q, q = 10, na faida ni 400 − 300 = 100. Kutofautisha 100 kunaleta sifuri. Wanafunzi wengi huikariri hiyo kama kanuni na huisahau kama kanuni. Afadhali mtu amfikirie mama lishe wa Sabasaba mwenye kodi ya fremu ya shilingi laki moja kwa mwezi. Akiuza sahani ya hamsini au ya hamsini na moja, kodi ni ileile. Sahani ile ya nyongeza haikuongeza hata shilingi kwenye kodi. Gharama ya nyongeza inauliza kilichoongezeka, na kodi haikuongezeka. Na aliyewahi kuuza kitu chochote angeshtuka kuona jibu linasema "uza sahani hasi kumi na tano". Binti hakushtuka kwa sababu alama zile kwake zilikuwa herufi tu. Uvivu haukuwepo. Ni mtu aliyesoma BAM mbiombio kidato cha sita, akazikosa semina ambazo zingemwonyesha.

Alikwenda kwa mshauri wake wa kitaaluma wiki ya saba.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Umekuja na ratiba yako?"

Hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi ya testi tu. Mshauri alimrudisha hosteli akaichukue, na alikuwa sahihi: bila ratiba mazungumzo yangeishia kwenye "jitahidi".

Dirisha la kuongeza na kufuta kozi lilikuwa limefungwa wiki nne nyuma. Hii ndiyo sehemu ya kisa tunayotaka isomwe mara mbili. Kipimo cha kwanza cha chuo hufika wiki ya sita, na ruhusa ya kubadili kozi huisha wiki ya pili au ya tatu. Ukisubiri chuo kikwambie una hali gani, utaambiwa wakati huwezi kufanya kitu. Na kuiacha kozi kimyakimya bila kuifuta ni kubaya zaidi, kwa kuwa hubaki kwenye rekodi na kuingia kwenye hesabu ikiwa na sifuri.

Kilichowezekana ni kuhamia kundi la semina la Alhamisi, kwa kubadilishana na kijana aliyetaka Jumanne. Kazi za vikundi vya Jinsia na Maendeleo zilipangiwa siku moja tu, Jumamosi asubuhi. Saa za kujisomea ziligawanywa upya: hisabati saa nne badala ya mbili na ushei, na upungufu ukakatwa Sosholojia, akijua kabisa daraja la huko litashuka. Alianza na karatasi ya semina ya wiki ya kwanza, si ile iliyokuwa inafundishwa. Madesa ya steshenari, yale yenye majibu ya miaka iliyopita, aliambiwa asiyafungue kabla hajajaribu swali kwa nusu saa. Ushauri huu wengi huuona mkali, lakini anayesoma jibu kabla ya kuhangaika huelewa jibu na hubaki hajui swali.

Testi ya pili alipata 10 kati ya 15. Kwizi na asaimenti 7 kati ya 10, zile alizokosa zikimla. Jumla 21 kati ya 40. Mtihani wa mwisho 25 kati ya 60. Alama 46, C. Sapu, yaani mtihani wa marudio, aliikwepa.

Semista iliisha hivi: Uchumi B, Hisabati C, Takwimu B, Stadi za Mawasiliano B+, Maendeleo B+, Sosholojia B, Jiografia ya Uchumi B+, na ule mteremko, Jinsia na Maendeleo, C. Pointi 207.5 kwa krediti 67.5, GPA 3.07. Toa kozi ya tatu ya hiari, mengine yote yabaki vilevile: 192.5 kwa 60, GPA 3.21. Na kama zile saa tano zingeingia kwenye hisabati mapema na kumpa alama nne tu zaidi, ile C ya 46 ingekuwa B ya 50, na GPA ingefika 3.38. Daraja la pili la juu huanzia 3.5. Zaidi ya theluthi mbili ya pengo kati ya 3.07 yake na hapo ilitokana na kozi moja ya krediti 7.5.

Agosti yake ingekuwaje

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, masomo huanza Oktoba au Novemba. Hapo katikati kuna wiki kumi au zaidi, nyingi zikitumika kuthibitisha udahili na kufuatilia mkopo. Kwa mtu wa HGE anayekwenda Uchumi, wiki sita kati ya hizo, saa moja na nusu kwa siku tano, ni saa 45, zinatosha kabisa. Hahitaji kitabu cha chuo. Daftari la BAM linatosha, la kwake au la kuazima kwa aliyefaulu.

Aanze na milinganyo sambamba, kwa kuwa soko lote limejengwa juu yake. Mahitaji Q = 120 − 4P, ugavi Q = 20 + 6P: bei ni 10, kiasi ni 80. Afanye ishirini za namna hiyo, na kila mara arudishe jibu kwenye milinganyo yote miwili aone kama linakubali. Vipeo na logi wiki moja. Kutofautisha apewe wiki tatu, mbili za kanuni na moja ya maswali ya gharama na faida kama lile la juu. Matriki na alama ya kujumlisha ya Takwimu zinaweza kumalizia wiki iliyobaki; hata akizipitia juujuu si neno.

Wiki ya kwanza chuoni ajipime mwenyewe kabla dirisha halijafungwa. Achukue karatasi ya kwanza ya semina ya kozi anayoiogopa kuliko zote, maswali nane, saa nne, bila desa na bila rafiki. Akipata matano au zaidi, aendelee na krediti 60 na achague kozi za hiari kwa kuangalia masharti ya mwaka wa pili. Akipata matatu au manne, asiongeze hata krediti moja juu ya zile zinazotakiwa, na mojawapo ya kozi za hiari iwe isiyo na kazi za vikundi. Chini ya hapo, aende kwa mshauri wiki ileile, na ratiba mkononi.

Semista ya pili binti alisajili krediti 60, siku ya kwanza ya usajili. Kanuni za Uhasibu haikufundishwa semista hiyo, kwa hiyo ilihamia mwaka wa pili, palepale tulipotabiri itambana. Karatasi ya kwanza ya Hisabati ya pili aliifanya Jumamosi, dirisha likiwa bado na siku sita. Alipata maswali matano.